Haki ya Kusikiliza

Kila Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Tunu huja kumsikiliza mwanawe akipumua ndani ya kifua cha mwanangu. Sheria inampa haki hiyo. Razina wangu alizaliwa na ugonjwa wa mapafu wa kurithi, na mapafu aliyopandikizwa akiwa mchanga yalikuwa ya Haruni, mtoto wa Bi Tunu aliyekufa ajalini.

Humtengea kiti na chai ya tangawizi. Yeye huweka sikio kifuani, hufumba macho, halafu husema, "Mzima." Hapo ndipo nami hupata kupumua.

Leo Razina aliamka akikohoa. Nilimpa asali, nikamwambia asikohoe mbele ya mgeni.

"Umekua, mama," Bi Tunu alimwambia, akainamisha sikio. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Vipi, dada?" nikauliza.

Alimfunga Razina vifungo vya gauni, kimoja kimoja, akajitanda kanga kichwani. Kisha akakiacha kiti, akaja kuketi nami chini mkekani, bega kwa bega, kama tunavyoketi msibani.

Razina akatuangalia.

"Mama," alisema, "mbona sikukohoa?"