Akiki ya Posa

Katika mji ule, pete ya posa haivaliwi kabla shangazi wa bibi harusi hajalisugua jiwe lake jekundu, akiki, kwa pamba yenye spiriti. Akiki iliyozaliwa nyekundu haiachi rangi kwenye pamba. Iliyotiwa rangi huchujuka. Jiwe la uongo, mume wa uongo, na posa hurudishwa.

Pete ilipoletwa, Nargisi, binti aliyeposwa, aliijaribu kwa siri, ikachujuka. Ndipo akakimbilia kujipaka hina vidoleni.

“Nipe niisugue mwenyewe, Shangazi,” alisema mbele ya wanawake.

Pamba iligeuka nyekundu.

“Ni hina yangu tu!”

Shangazi Mwanakheri alichukua pamba mpya, akamsugua vidole. Ikabaki nyeupe. Akaifumbata haraka, wengine wasiione.

“Kweli, ni hina,” akatangaza, na vigelegele vikapaa.

Alipokuwa akimvisha pete, alimwinamia sikioni. “Na mimi nilisema hivyo hivyo, mwanangu.”

Kisha akafunua kiganja. Jiwe la pete yake mwenyewe ya posa, ambalo siku zote aliligeuzia ndani, lilikuwa limepauka kama mfupa.

Nargisi aliuvuta mkono, lakini pete ilikuwa imekwisha kupita kiungo cha kidole.