Sindano ya Woga

Kila kadeti aliyehitimu kambi ya uongozi alidungwa sindano ya kumwondolea woga. Kaka yake Chemutai alidungwa mwaka jana. Aliporudi nyumbani, alimtazama mwanawe akitambaa kuelekea jiko linalowaka, wala hakuinuka. Mama yao ndiye aliyemnyakua mtoto.

Siku ya kuhitimu, zamu ya Chemutai ilipofika, aliushusha mkono wa shati lake na kuufunga kifungo.

"Sidungwi, afande."

"Unaogopa?"

"Ndiyo, natetemeka. Na woga huu naenda nao nyumbani. Kuna mtoto wa kuangaliwa."

Kadeti aliyemfuata naye akashusha mkono wa shati. Kisha mwingine.

Afande hakushtuka wala hakukasirika. Alitabasamu tu, akaamuru lango la kambi lifungwe, asitoke yeyote ambaye hajadungwa.