Jina la Pili

Jamila alimpigia mwanasaikolojia wake, simu ikakataa kwa mara ya tatu. Waasi walikuwa wanaingia Goma, na mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Jamila aliikunjua karatasi aliyoandika na mwanasaikolojia huyo, yenye hatua za kuchukua kila hamu ya kujikata inapompanda. Ngoja kidogo. Tafuta mtu. Sema kweli. Chini palikuwa na nafasi ya majina mawili, naye alikuwa ameandika la mwanasaikolojia tu.

"Weka na mutu wa nyumbani," mwanasaikolojia alimsihi siku ile. Jamila akajibu ataweka kesho.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe peke yake, mkekani, akichambua maharage kama asiyesikia mizinga. Kando yake palilala kisu cha mboga.

Jamila aliketi mbele yake. Aliupandisha mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko.

"Mama, nilijikata mimi mwenyewe. Na sasa hivi nataka tena."

Mama mkwe aliyatazama makovu, moja baada ya jingine. Alikichukua kisu, akakikalia, kisha akausogeza ungo katikati yao.

"Chambua na mimi," alisema. "Leo siinuki hapa."