Mtori wa Mbadala

Siku hizi mzazi akitaka kusafiri peke yake, sharti aache mbadala nyumbani: mashine yenye sura yake na sauti yake. Kabla sijapanda mlimani nilimfundisha wangu kazi zote. Kwenye mtori tu, ile supu yetu ya ndizi na nyama, nilimdanganya. Nilimwambia atie sukari badala ya chumvi. Nilitaka watu wa nyumbani wanikumbuke.

Kipupwe kilikuwa kikali. Nilifika kwenye ziwa la huko mlimani mgongo ukiniuma kwa begi, vidole vimekufa ganzi, na hapakuwa na mtu. Nikampigia mume wangu, Elinami.

"Mtori ulikuwaje?"

"Watoto wameramba bakuli. Kumbe miaka yote tulikuwa tunakosea."

"Narudi kesho."

"Ya nini kujitesa, Mama Ndeshi? Pumzika. Tumeshaomba huyu mbadala aongezewe mwezi."

Nyuma yake nikasikia sauti yangu ikiuliza anaongea na nani. Elinami alipoijibu, ikasema, kwa upole ambao mimi sikuwahi kuwa nao jikoni, "Mwambie avae soksi nzito. Huko kuna baridi."

Nikakata simu. Nikazivaa.