Nyuma ya Sikio la Arseni

Mkasi wa Tolegen ulisita nyuma ya sikio la kulia la Arseni. Kinyozi alifunua nywele kwa kitana, akainama, akatazama tena. Vipele vya maji, kundi zima, vilikuwa vimekaa juu ya ngozi nyekundu vikishuka kuelekea shingoni.

"Mkanda wa jeshi," alisema polepole. Mke wake mwenyewe aliwahi kuugua ugonjwa huo, hakuhitaji kuambiwa.

"Funga mlango, mzee," Arseni alinong'ona.

Tolegen akafunga. Huko nje treni ilikuwa inaivuta roketi kwenda kwenye jukwaa lake, na wanaanga wa akiba walikwenda kuishangilia. Wanaoruka hawaitazami, ni mkosi. Siku hiyo wao hunyolewa. Katika kambi ile ya nyika ya Kazakstani, kwa miaka ishirini na mitatu, aliyewanyoa ni Tolegen. Mjapani na Mwitaliano walishamaliza. Alibaki huyu Mrusi, mhandisi wa safari.

"Vimeanza lini?"

"Juzi. Vinawaka moto, sikudanganyi."

"Na keshokutwa unataka kupanda navyo? Miezi sita kule kituoni angani nani atakutibu, malaika?"

"Nina dawa, nimezificha kwenye soksi."

"Ukiwaambukiza watoto wa watu je?"

"Huu huambukiza tetekuwanga tu, na wote wawili waliiugua utotoni. Niliwauliza kama utani." Arseni aligeuka kitini, macho mekundu. "Mzee, nina miaka hamsini na moja. Mara ya kwanza walinitoa kwa ajili ya goti. Mara ya pili moyo ulidunda vibaya siku moja tu, wakanitoa. Safari hii wakinitoa, ndiyo basi tena. Na akiba wangu yuko tayari, kiti kimeshachongwa kwa kipimo cha mgongo wake. Neno moja kutoka kwako, anapanda yeye."

Akautupia jicho mlango uliofungwa.

"Najua ombi hili ni zito kwako kuliko kwa mtu yeyote hapa. Sina hata haki ya kukuomba."

Tolegen alichovya kitana kwenye maji.

"Inama," alisema.

Upande wa kushoto aliupunguza kama kawaida. Wa kulia aliuacha, akaulaza kwa maji mpaka ukafunika sikio. Hakuwahi kumnyoa mtu ovyo namna ile, na aliona aibu kweli.

Mlango ukagongwa. Aliingia Daktari Rimma na fomu yake. Huyu mama aliwahi kumzuia mtu kuruka kwa sababu ya jino.

"Mbona huku nywele zimezidi?"

"Mzee macho yamechoka," Arseni alijaribu kucheka.

"Sijakuuliza wewe." Daktari alinyoosha kidole kuelekea lile sikio.

"Wee daktari, usinivurugie kazi!" Tolegen alifoka. "Mkewe ndiye kaniomba nilifunike. Anasema limechongoka, linamtia aibu kwenye televisheni. Miaka yote hii napekua vichwa vya watu hapa, nimewahi kukuficha kitu?"

Kidole kilibaki hewani. Tone la jasho lilimtoka Arseni kwenye paji la uso, likateremka taratibu hadi kwenye nyusi. Hakuthubutu kulifuta.

"Hujawahi," Rimma alikubali. "Kichwa kizima?"

"Kizima."

Akatia saini, akaondoka.

Arseni alilia waziwazi, mtu mzima yule, akiung'ang'ania mkono wa kinyozi. "Mzee, hata baba yangu mzazi asingenifanyia hivi. Sijui hata niseme nini."

"Usiseme kitu. Nenda, urudi salama," Tolegen alijibu bila kumtazama usoni.

Alikuwa anafagia nywele Dameli alipoingia. Ndiye akiba wa Arseni, na mashavu yalikuwa yamewiva kwa upepo wa nyika.

"Tumeiona! Imesimama wima, jamani, nimelia kama mtoto!" Kisha akashusha sauti. "Na daktari? Hakuna hata mmoja mwenye kamafua?"

"Hakuna. Wazima wote watatu. Wataruka wao."

Dameli aliitikia kwa kichwa mara mbili, machozi yakamtoka.

"Pole, mwanangu," Tolegen alisema, akamkumbatia binti yake wa pekee kwa nguvu, uso akauficha begani mwake, asije akamwona anavyotabasamu.