Wiki ya Tatu ya Septemba

"Siku hizo? Mwanangu, wewe huujui upepo wa kusini!" Restituta alisema kwenye simu, sauti imejaa huruma. "Unaleta vumbi jekundu moja kwa moja kutoka jangwani. Mvua ikichanganyika nalo, mtakunywa tope kwenye kahawa."

Upande wa pili, mwanamke wa Bologna alisitasita. "Lakini picha za nyumba zinaonyesha jua tupu."

"Picha hazipigwi na upepo. Na baharini ndiyo usiseme. Yavuyavu kibao, akikugusa mmoja unawashwa kama umepakwa upupu. Njooni Juni. Juni ni asali."

Alikata simu, akafanya ishara ya msalaba upesi upesi.

Mumewe, Aniello, alikuwa akimtazama juu ya miwani. "Utaungua motoni, wewe mwanamke."

"Sawa. Lakini nitakuwa nimeshaoga baharini."

Kila mwaka ilikuwa vita ileile. Nyumba waliyoipenda pale kisiwani Ischia, yenye veranda juu ya bahari na mlimau ulioinamia meza, iligombewa kuanzia Mei. Julai joto halilaliki. Agosti watu wamebanana ufukweni kama dagaa. Mwaka jana waliipata katikati ya Oktoba. Mvua ikanyesha siku zote, wakala mchuzi wa sungura wamejifunika mablanketi, magoti ya Aniello yamevimba kama mikate.

Safari hii Restituta alikuwa ameshachagua: wiki ya tatu ya Septemba, maji yakiwa bado na uvuguvugu wa kiangazi, jua limepunguza hasira. Aniello alikuwa na miaka sabini na tisa. Wiki za namna hiyo hazikuwa zimebaki nyingi.

Tatizo lilikuwa wale wa Bologna, walioitaka wiki hiyohiyo. Namba yao Restituta aliipata anakojua mwenyewe.

Jioni Loredana, mshika funguo wa nyumba ile, alipiga simu. "Mama, ajabu! Wale wa Bologna wamehamia Juni ijayo. Eti wanaogopa vumbi."

"Jamani! Watu wa bara, waoga hao."

"Basi wiki hiyo chukueni nyinyi. Siku sita tu. Jumamosi saa nne asubuhi muwe mmeshatoka, kuna wageni wengine. Na baba asivute sigara sebuleni, harufu inakaa kwenye mapazia."

"Hata pafu moja," Restituta alijibu, kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshinda.

Alinunua kofia mpya ya ukili. Alipakia nguo za kuogea, dawa ya magoti na shati jeupe la Aniello, kisha akalitoa shati, akalipiga pasi tena.

Siku moja kabla ya kuondoka, mawingu yalijikusanya upande wa kusini, chini yake yana wekundu. Aniello aliyatazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Umeyaita mwenyewe!"

"Nyamaza, funga sanduku."

Restituta hakucheka. Mchana mzima hakula kitu. Kila alipopita dirishani alichungulia juu, akanong'ona maneno ambayo Aniello hakujua kama ni sala au matusi. Alimwahidi Mungu kwamba angewapigia wale wa Bologna na kuwaomba radhi. Halafu akapunguza: angewatumia kadi.

Asubuhi mbingu iliamka safi kama sahani iliyooshwa. Bahari ilikuwa imetulia, haina hata mkunjo.

Restituta alivaa kofia yake. Aniello alibeba sanduku kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshika mkewe.

Kwa sababu ya magoti, safari ilichukua dakika tatu nzima: ngazi kumi na saba, kutoka ghala la mvinyo chini ya nyumba, walikolala tangu Mei kuwapisha wageni wanaolipa, hadi mlango wa mbele wa nyumba yao wenyewe. Aniello alifungua sanduku palepale sebuleni, akatoa picha yao ya harusi, akaitundika kwenye msumari wake.