Kanzu ya Ijumaa

"Bi Zamda, Riziki wako anamlilia nani kila asubuhi?" jirani aliwahi kuuliza.

Binti alikuwa akijifunza kuigiza mjane. Picha zake alishazipeleka kwa makundi mawili ya maigizo, yote yakamkataa. La tatu lingemjaribu leo.

Akajitupa tena mkekani kwa mayowe.

"Mwanangu, unalia kama aliyeibiwa kuku."

"Kwani wewe ulilia vipi, mama?"

Bi Zamda akatoa kanzu ya marehemu mumewe sandukuni, akaipiga pasi taratibu, shingo kwanza, kama kila Ijumaa. Kisha akaibeba kwa mikono miwili hadi mlangoni, akasimama kama anayengoja mtu atoke kuoga.

Riziki akambusu mkono, akatoka, mikono yake mbele kana kwamba amebeba nguo.